Kashata Alipokataa Kukimbia

Naona haya kusema, lakini nitasema. Baridi ya hapa Nizwa, Oman, ilipokwisha, nilianza kukimbia asubuhi mitendeni pamoja na Kashata, mbwa wetu mzee wa shamba. Juzi jua lilikuwa limeanza kuchoma. Kila tulipokimbia kidogo, alikaa kivulini, akakataa kusogea. Nikadhani anakufa. Nikambeba hadi garini, nikampeleka kwa daktari wa wanyama, kijana wa Kizanzibari kama sisi, nikilia njia nzima.

Daktari akampima taratibu, kisha akanigeukia.

"Mzima huyu, mama. Alikuwa akikaa wakati gani?"

Nikafikiri. "Kila nilipoanza kuhema."

Akanivutia kiti, akanipa chupa ya maji. "Basi kunywa kwanza. Alikuwa akikupumzisha wewe."