Nilimtania mkaguzi wa afya, kidogo tu kliniki yetu ya Molo ifungwe

Wakuu, niaje.

Nimekuwa nikisoma stori zenu hapa kimya kimya kama mtu anachungulia sufuria ya jirani. Leo acha nitoe yangu. Sijaongeza chumvi hata kidogo, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi ngumu. Mtaona kwa nini.

Mimi ni msichana wa form three, tunaishi nje kidogo ya Molo. Shuleni najulikana kwa kuchekesha. Class prefect akitengeneza list ya noisemakers huandika jina langu kwanza, halafu ndiyo anaanza kusikiliza kelele.

Hii ilitokea holiday iliyopita.

Nilikuwa nimejikata kidole nikimenya viazi, nikashonwa nyuzi tatu kwa kliniki ya mtaa. Ni vyumba vinne nyuma ya duka la mbolea. Mwenye kliniki ni clinical officer lakini huku sisi sote humwita Daktari, na nurse wake ni Sista Jero. Hao wawili ndio hospitali yetu. Ile kubwa iko mbali, na mvua ikinyesha boda anakwambia ushuke usukume.

Siku hiyo nilienda kubadilishiwa bandeji. Nilikuwa na gogo, yaani nyanya yangu, ambaye hupimwa pressure hapo kila mwezi. Nikikosa kumsindikiza hataenda. Magoti yake yalistaafu kabla yake.

Tukaketi kwa benchi. Kulikuwa na mzee mmoja wa koti kubwa, na mama kijana amebeba mtoto anayepumua kama filimbi. Mtoto alikuwa na nimonia, amekuja kudungwa sindano ya pili ya dozi yake.

Ndiyo wakaingia wageni wawili. Mama wa jaketi ya maroon na tablet mkononi, na jamaa mrefu wa faili. Wakasema wao ni wakaguzi, wamekuja kuangalia kama kliniki ni safi na salama. Jamaa akaingia ndani na Daktari. Madam akabaki na sisi.

Akaniuliza kama anaweza kuniuliza maswali machache. Nikamwambia karibu.

Wakuu, tatizo lilikuwa benchi. Mimi nikiona watu watatu wamekaa wananiangalia, mdomo unajifungulia biashara.

"Daktari huosha mikono kabla ya kukuhudumia?"

"Huosha, madam. Kila Krismasi."

Mzee akacheka. Ningeachia hapo, sai singekuwa naandika huu uzi.

"Na sindano? Hutolewa kwa paketi mpya?"

"Mpya na hii maisha imepanda? Zinachemshwa na viazi kwa sufuria, zikiiva zote wanatoa."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Hata yule mama wa mtoto alitabasamu. Mimi nikajiona nimefika.

Madam hakucheka. Aliandika. Kisha akauliza polepole, "Umeona kwa macho yako?"

"Yote mawili, madam."

Akaandika tena, akaenda ndani.

Dakika chache baadaye nikasikia yule jamaa wa faili akiita kutoka chumba cha nyuma. "Madam, kuja uone."

Kulikuwa na sufuria kwa gesi. Inachemka. Tena iko kando ya mashine ya kuchemshia vyombo.

Ndani ni viazi.

Naapa sikuwa najua. Ilikuwa lunch ya Sista Jero. Molo ukikosa cha kupika unapika viazi, ukiwa na cha kupika unakipika na viazi. Lakini jiulizeni, nyinyi mngekuwa wakaguzi, mngefikiria nini?

Madam akatoka na Daktari nyuma yake.

"Huduma zisimame kwanza," akasema. "Nina taarifa kwamba sindano hapa zinatumika tena baada ya kuchemshwa, na sufuria tumeikuta. Ikithibitika, nafunga hapa leo."

Daktari si mtu wa maneno mengi. Aliuliza tu, "Nani amesema?"

"Siwezi kukuambia. Mgonjwa ana haki ya kusema bila kuogopa."

Hakuhitaji kumwambia. Benchi nzima ilinigeukia kama alizeti.

"Msichana," mzee akasema, ule ucheshi wote umeisha kwa uso, "umetuuza."

"Si wewe ulikuwa unacheka?"

"Nilicheka. Kicheko hakiandikwi."

Yule mama alimfunika mtoto vizuri na leso, akauliza bila kumwangalia mtu, "Sasa huyu atadungwa wapi?"

Gogo alinifinya paja mpaka nikaona nyota za mchana. "We mtoto, ni nini umeambia huyo mama?"

Nikasimama. Miguu ilikuwa inataka kwenda nyumbani, mdomo peke yake ndio ulibaki.

"Madam, ni mimi. Nilikuwa natania. Hakuna sindano imechemshwa. Pole sana."

Nilidhani itaishia hapo. Kumbe huko ndiko mambo yalianza kuharibika kabisa.

Madam aliniangalia kwa huruma. Huruma, wakuu! "Daktari amekuangalia vibaya?"

"Hapana."

"Kuna mtu amekufinya?"

Sasa hapo ningejibu nini? Gogo alikuwa amenifinya, ukweli mtupu. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukaandikwa.

"Dakika kumi zilizopita uliona kwa macho mawili," akasema. "Sasa hujaona. Niambie mwenyewe, nikuamini ya saa ngapi?"

Unajua ni kitu cha ajabu kusema ukweli na ukose hata mteja mmoja?

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya koti jeupe, anamwangalia yule mtoto. "Madam, funga ukitaka kufunga," akasema. "Lakini dozi ya huyu imefika saa yake. Nimdunge, halafu tuendelee."

Madam akaweka kiganja kwa kifua cha mtoto. Akasikiliza ile filimbi. Nikaona uso wake umebadilika, akawa tu mama wa mtu.

"Mdunge. Lakini mlango ubaki wazi, na mimi nasimama hapa."

Kwa hivyo sote tuliona. Daktari aliosha mikono mpaka viwiko. Akatoa sindano kwa boksi, ikiwa bado kwa paketi yake, akampa yule mama.

Mama akaishika paketi, akaifinya kwa vidole viwili kusikia kama ina hewa, akaigeuza nyuma, akaifinya tena. Akarudisha. "Haijatoboka."

Alifanya hivyo jinsi mtu anavyofinya parachichi sokoni. Bila kufikiria.

Hapo ndipo Daktari akaipasua, akadunga, mtoto akapiga nduru ya kusikika mpaka stage ya matatu, na sindano ikaingia kwa lile boksi la njano la kutupia.

Madam akamuuliza mama, "Nani alikufundisha kufinya paketi?"

"Si ni yeye. Usipofinya hadungi. Hata mama mkwe wangu anajua."

Mzee wa koti akadakia, "Mimi aliniambia nisipofinya nirudi nyumbani na malaria yangu."

Baadaye yeye na yule jamaa walihesabu sindano za stoo, wakalinganisha na kitabu cha waliodungwa. Zikaenda sawa. Viazi ndivyo vilikataa kwenda sawa. Sista Jero aliambiwa jikoni isionekane tena chumba hicho, akasema ndiyo madam, na viazi vikazimwa vikiwa nusu mbichi.

Nikavuta pumzi. Nikadhani nimeponea.

Madam akarudi kwangu na tablet. "Wewe, tuanze upya."

Wakuu, niliamua hapo hapo nitamlipa Daktari kwa ubaya nilimfanyia. Kila swali nilijibu kama naandikia mtu barua ya mapendekezo. Mikono? Huosha kila dakika. Kungoja? Hatungoji hata kidogo, tukifika tunaitwa. Choo?

"Choo ni kisafi, madam, kama cha hoteli ya matajiri Milimani."

Akaweka tablet chini. "Nimetoka huko choo sai."

Nikajifanya naangalia bandeji yangu.

"Mara ya kwanza ulimharibia ukicheza," akasema. "Sasa unamharibia ukimsaidia. Haya maswali si ya Daktari, ni yako na nyanya yako. Mkija hapa, ni nini huwasumbua?"

Daktari alikuwa pale pale, anasikia. Niliangalia sakafu.

"Mlango wa choo haufungi," nikasema. "Komeo iling'oka. Gogo akiingia nilikuwa nasimama nje nikishikilia na mguu. Siku moja nilienda kuchekesha watu kwa benchi, jamaa mmoja akafungua gogo akiwa ndani. Hajaingia tena tangu siku hiyo."

Nilisema polepole kwa sababu hiyo sikuwa nimewahi kumwambia mtu.

Kisha gogo, ambaye huwa haongei mbele ya wageni, akaongea.

"Ndiyo maana ile dawa yangu ya pressure, hii ya kukojoza, simezi asubuhi ya kuja huku," akasema. "Nikimeza, nitaenda wapi na mlango hivyo?"

Daktari alitoka mlangoni akaja akachuchumaa mbele yake. "Gogo. Siku ya kliniki humezi?"

"Simezi. Nameza kesho yake."

"Tangu lini?"

"Tangu mlango uharibike."

Daktari akachukua kitabu cha gogo cha pressure, akafungua kurasa. Nilimwona akisoma mara mbili. Mimi sikuelewa mpaka aeleze. Kila mwezi gogo alikuwa anapimwa hiyo siku moja ambayo hajameza dawa. Pressure inaonekana iko juu. Daktari anaongeza dozi. Amemwongezea mara mbili. Halafu nyumbani gogo anameza dozi kubwa siku zile zingine zote, anasimama kutoka kwa kiti, anashika ukuta.

Sisi tulikuwa tunasema kizunguzungu ni uzee. Mimi nilikuwa hata namwigiza akishika ukuta, jioni, watu wacheke.

"Angeanguka," Daktari akasema. Hakuwa anaambia mtu.

Madam aliandika hiyo yote. Kliniki haikufungwa. Walipewa karatasi ya vitu vya kurekebisha na siku za kurekebisha, na mlango wa choo uko juu kabisa ya list, juu hata ya viazi. Gogo alirudishwa kwa dozi ya zamani na kuambiwa arudi wiki ijayo, akiwa amemeza.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Daktari alinibadilishia bandeji bila kusema neno, na mimi kimya kilikuwa kinaniuma kuliko kidole. Mwishowe nikamuuliza kama amenikasirikia kwa ile stori ya sindano.

"Hiyo umeshaomba msamaha," akasema, akikata plasta. "Lakini hilo benchi langu umelichekesha miezi mingapi? Na hukuwahi kuniambia mlango."

Ni hayo tu. Akaenda kuosha mikono.

Tuliporudi wiki iliyofuata kulikuwa na komeo mpya, amepigilia mwenyewe, imepinda kidogo. Gogo aliingia, tukasikia ikifungwa. Akakaa humo muda mrefu bila haraka, na mimi nikangoja kwa benchi kama watu wengine.

Nilichojifunza wakuu: utani bado nafanya, sijaokoka. Lakini mtu akikuuliza kitu kuhusu mahali wagonjwa wanatibiwa, mpe jibu lenye liko, hata kama lina choo ndani. Na waulizeni wazee wenu kama wanameza dawa siku ya kliniki. Usimuulize kama anameza. Uliza siku ya kliniki.

Haya, nipigeni mawe, nimekaa tayari. Ila kabla urushe lako, tuambie kwanza: kliniki ya kwenu, mlango wa choo unafunga?