Mama aliuza pamba yetu kwa lori, na baba yuko ginnery anaingoja

Wakuu, salamu kutoka Kathonzweni. Hii ni story ya kwetu nyumbani na siongezi chumvi.

Juzi nimepita ile ginnery ya zamani, kiwanda cha kuchambua pamba, nikapata ni mabati na majani tu. Nikasimamisha pikipiki. Nimemiss zile siku, aki.

Baba alikuwa mpimaji wa pamba hapo. Enzi hizo serikali ndiyo ilipanga bei, na mnunuzi ni mmoja tu, kwa hivyo upende usipende pamba yako inaenda kwa mzani wa baba. Msimu ukifika punda wamepanga laini hadi barabarani, sisi watoto tunaruka juu ya magunia, tunarudi nyumbani nywele nyeupe kama wazee.

Halafu jioni moja akaja na habari.

"Mama Mutua, serikali imeachilia. Sasa ni soko huria."

Mama yangu ana mdomo. "Huria ni bure? Hatulipi tena ushuru wa soko?"

Baba alicheka hadi akakohoa. Akamweleza kwamba sasa kila mtu anauza anakotaka. Lakini yeye na manager wake hawakuwa na wasiwasi. Pamba imezoea kuja hapa, walisema, itakuja tu. Hakuna aliyetoka kwa gate kwenda kuongea na mkulima.

Msimu ukafika. Baba akapaka mzani grisi, akavaa dustcoat yake, akangoja. Punda walikuja wachache sana. Nyumbani tulianza kuogopa kazi itaisha, na karo yetu ilitoka hapo.

Siku moja akarudi akapata stoo yetu haina pamba. Lori kutoka upande wa Kabati lilikuwa limenunua yote, hapo mlangoni.

"Mama Mutua! Hata wewe?"

"Asi! Si ulisema ni soko huria?"

Nilijua leo ni leo. Lakini baba alikaa juu ya gunia tupu. Kisha akauliza polepole, "Walikupimia vizuri?"

"Sijui. Lakini walinisalimia kwanza. Wewe na watu wako, miaka hiyo yote, mlisalimia magunia."

Ginnery haikumaliza msimu mwingine. Baba akarudi shamba.

Leo niko na hardware yangu Tawa, na competition ni mbaya. Mteja akiingia namsalimia kwanza, hata kama anataka msumari mmoja.

Wenye wazazi walifanya kwa viwanda za zamani, hebu semeni ukweli: kwenu pamba iliuzwa wapi?