Mtutu Uelekee Wapi

Miaka yake ya mwisho jeshini, Jenerali hakupigana na mtu. Vita vyake vilikwisha zamani, nywele zikiwa bado nyeusi. Sasa alikaa ofisi yenye zulia nene, akakata utepe kwenye majengo mapya na kusuluhisha wakuu wa vikosi waliogombea kivuli cha kuegeshea magari. Kuna kikao kilichukua siku nzima kuamua rangi ya viti vya bwalo la maafisa. Wakachagua kijani. Alirudi nyumbani hoi kuliko alivyowahi kurudi kutoka vitani.

Siku ya kuagwa, gwaride lilipokwisha, akaombwa aseme mawili matatu. Hakuwa mtu wa maneno. Akasema atayakumbuka mengi, ila zaidi ya yote atakikumbuka kifaru alichokuwa akikiendesha enzi za uluteni. Laiti ingewezekana, angeondoka nacho. Watu wakacheka na kupiga makofi. Aliyechukua nafasi yake hakucheka. Huyo alikuwa mtu wa utekelezaji.

Haukupita muda, simu ikaita nyumbani. Akapokea mkewe, mkunga mstaafu ambaye hakuwahi kumwogopa mwanajeshi yeyote, maana wengi wao aliwapokea wakiwa uchi. Afisa akamweleza kwa adabu zote kwamba kesho wanamletea mzee kifaru chake.

"Anakula nini?" mama akauliza.

Afisa akafafanua kuwa ni kile cha chuma. Mama akasema afadhali wangemletea yule wa pembe, kwani huyo angalau siku moja atakufa.

Kilikuja juu ya lori refu, kikaangusha nguzo ya lango, kikatuliwa katikati ya bustani ya mama. Injini ilishang'olewa. Jenerali akakizunguka, akakipapasa ubavuni kama mtu anayemtuliza ng'ombe, na machozi yakamlengalenga.

Jioni ile ile jirani wa kulia, daktari wa meno, akabisha hodi. Mtutu ulikuwa umeelekea dirisha la zahanati yake. Wagonjwa wanaketi kitini, wanaachama, wanauona. Mmoja alikuwa ameshakimbia na pamba mdomoni. Jenerali akaomba radhi, akaingia ndani ya kifaru na kuzungusha gurudumu la mkono. Kichwa cha kifaru kikageuka kwa mlio wa kusaga meno, mtutu ukaelekea kushoto. Kesho yake akaja jirani wa kushoto, mwalimu wa piano. Wanafunzi wake, alisema, sasa wanapiga kila wimbo mbio mbio ili wamalize waondoke. Ukaelekezwa barabarani, na magari yakasimama yenyewe, madereva wakateremka mikono juu. Kuuinua uelekee mbinguni haikuwezekana. Ulikuwa umekwama kwa kutu.

Akapiga simu makao makuu waje wakichukue. Wakamjibu kuwa kifaru hicho kimeshafutwa kwenye daftari, kwa hiyo hakipo, na wao hawawezi kutuma lori kufuata kitu kisichokuwepo. Mnunuzi wa chuma chakavu naye akagoma: mali ya jeshi hainunui bila kibali cha jeshi.

Jenerali akaitisha kikao cha majirani sebuleni. Akabandika ramani ya mtaa, akashika fimbo, akaeleza hali ilivyo. Mtu aliyewahi kuvusha vikosi milimani kwenye mvua akashindwa kuwapatanisha daktari wa meno na mwalimu wa piano. Mwishowe wakaafikiana kwamba mtutu uzunguke polepole mchana kutwa, asionewe mtu. Akauzungusha yeye mwenyewe, jasho likimchuruzika, tangu asubuhi hadi kiuno kikagoma. Mkewe akamtoa kwa kumvuta makwapani, kazi aliyoijua vizuri.

"Uelekeze kwetu," akamwambia, akimsugua mgongo kwa dawa.

"Kwetu wapi?"

"Chumbani. Nimeishi na wewe umri wote huu, nitashindwa na bomba?"

Ikawa hivyo. Asubuhi iliyofuata Jenerali akafungua dirisha akiwa na nguo za kulalia, akakutana ana kwa ana na lile tundu jeusi. Maisha yake yote alikuwa amesimama nyuma ya mzinga. Mbele yake hakuwahi hata siku moja. Akarudi akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, hiki kitu kinatisha," akasema.

"Ndiyo tulikuwa tunakwambia," mkewe akajibu, akaendelea kujifunga kanga.

Kwa siku kadhaa alilala chumba cha wageni, akisingizia kiuno. Mama yeye hakuhama. Aligundua kwamba, akiegemea dirishani, mkono wake unaufikia mtutu, basi akawa anaanika nguo juu yake bila kutoka nje. Majirani wakaanza tena kupita kunywa chai. Na Jenerali, akitaka kwenda bustanini, alilazimika kuinama apite chini ya mashati yake mwenyewe, yakimdondoshea maji shingoni.