Mchumba wa Jasiri

Mtaa mzima ulimwita Mchumba, na hata mama yake mzazi alikuwa amelizoea jina hilo. Kazi yake ilikuwa kuingiza sauti kwenye filamu za kigeni. Kwa miaka tisa na filamu tatu alimsemea mchumba wa shujaa aitwaye Jasiri, yule mwanamke anayetekwa, anayefungwa kamba, anayetumbukia mashimoni, na kila mara anaokolewa bila kuolewa. Sura ilikuwa ya mwingine. Koo la kupigia mayowe lilikuwa lake.

Sasa ilikuja filamu ya nne, ya mwisho, na humo harusi imo. Daktari alimwambia koo limeota vinundu, anyamaze miezi miwili, na akipiga mayowe tena sauti huenda isirudi. Aliitikia kwa adabu, akaenda zake studio. Sikio la kufa halisikii dawa. Angesema, mwongozaji angetafuta mwingine, na huyo angekuja kuolewa kwa jasho la mwenzake. Kilichomtia hofu ni mama. Mama hakuwa akiona, na bintiye alimjua kwa sauti. Kila jioni alikaa karibu na mlango akisubiri kusikia, "Mama, nimerudi."

Kazi hiyo ina utaratibu wake: maneno ya upole kwanza, mayowe mwisho, ili koo lisiharibike mapema. Mchumba aliuegemea utaratibu huo kwa roho yake yote. Asubuhi, katika kijichumba chenye trei za mayai ukutani za kumeza mwangwi, alikubali kuolewa huku midomo yake ikiifuata midomo ya kwenye skrini. Alilia machozi ya kweli, mtu mzima na akili zake. Yakabaki mayowe ya pangoni. Mawe yameporomoka, mchumba amefukiwa, anaita mara saba: "Niko hapa!"

La kwanza lilitoka. La pili likakatika katikati. La tatu likawa pumzi tupu. Alishika koo. Upande wa pili wa kioo fundi mitambo aliinua uso na mwongozaji akasimama. Mchumba alijua siri imefichuka, na kwa kweli alishukuru.

Mwongozaji akabonyeza kitufe cha kuongea naye. "Dada, hapo umenimaliza. Mtu aliyefukiwa anaita hivyohivyo. Endelea."

Akatikisa kichwa kwamba haigizi. Wakatabasamu. Akagonga kioo kwa viganja viwili, mara nyingi, akiwaangalia machoni.

"Na kugonga kuwepo," mwongozaji akasema. "Fundi, usizime."

Alipofungua mlango na kutoka, walikuwa wakipeana mikono. Alifungua kinywa, haikutoka hata herufi. Mwongozaji akamwambia asijisumbue kushukuru, amechoka, akapumzike. "Nisalimie mama," akamalizia.

Nyumbani mama alikuwa palepale. Alisikia mlango ukifunguliwa, akageuza uso na kusubiri lile neno. Halikuja.

"Nani?" akauliza.

Mchumba akasogea hatua moja. Akajikamua mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, ikatoka pumzi.

Mama akarudi nyuma, akipapasa ukuta. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejua kuna wa kumwokoa, akaita kuelekea chumbani kwa bintiye.

"Mchumba, mwanangu, njoo upesi. Kuna mtu mlangoni, na hataki kusema."