Chujio la Karanga

Kwenye kiwanda cha keki walimwita Bwana Chujio, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Ndiye aliyewawekea wiki, ile tovuti ya ndani ambamo kila mwokaji huandika na kurekebisha mapishi, kisha akajifanya mfalme wa keki asizoweza kuzioka. Waokaji aliwaita watu wa unga. Ukimuuliza jambo, alishusha pumzi kwanza, kama mtu aliyeombwa figo.

Siku moja bosi alitaka ukurasa wa keki zinazowafaa wenye mzio wa karanga. Wiki ina machujio mawili yanayofanana kama mapacha. Moja huondoa keki ambayo kiungo chake ni karanga tu, basi. Jingine huondoa keki yoyote ambayo karanga imo kati ya viungo vyake. Bingwa wetu alichukua la kwanza, hakulijaribu, akaenda zake kunywa chai. Basi chujio likakaa macho kuizuia keki ya karanga tupu, ambayo hakuna kichaa aliyewahi kuioka, na zilizobaki zote zikapita kifua mbele na unga wake wa karanga.

Binti yake mwenyewe alikuwa na mzio huo. Kila siku yake ya kuzaliwa, mama yake alimpigia simu mwokaji mkuu na kumuuliza kiungo kwa kiungo. Safari hii mume alimnyang'anya simu.

"Unamuuliza mtu wa unga, na ukurasa nimeutengeneza mimi?"

Mke akamwachia simu, maana kubishana na yule bwana ni kutwanga maji kwenye kinu. Keki ikachaguliwa kwenye ukurasa, ikaletwa, ikakatwa. Kipande hakijaisha, midomo ya mtoto ilivimba, na pumzi ikaanza kupiga mluzi.

Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini mguu ulioota tende haukuwa wake.

Hospitalini, kwenye benchi la nje ya wodi, mume alishafungua wiki kwenye simu na kuliona kosa. Mtu mwingine angelia. Yeye akaanza kumfundisha mkewe: chujio hili hutazama hivi, lile hutazama vile, watu wengi huyachanganya. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tofauti nimeielewa," akasema. "Imelala mle ndani, inapumua kwa mashine."

Kisha mke akanyoosha mkono, na safari hii mume akampa simu mwenyewe.