Aliyenishika Mkono Kabla ya Picha ya Jicho

Ilianza siku ya ine ya juma, saa tisa ya mchana, katika hospitali moja ya Makiso. Nataja saa kwa sababu najua utanicheka. Cheka tu. Sikuota.

Siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya wananchi wote, tulipokuwa tunalima kiwanja cha shule, mpini wa jembe la Mapendo ulinipiga jicho la kushoto. Mapendo ni rafiki yangu, tunakaa benchi moja tangu mwaka wa kwanza. Alilia kuliko mimi. "Iliteleza, ndugu yangu, iliteleza!" Nikamwamini. Ungekuwa wewe, ungekataa?

Damu haikutoka, lakini kila nilichotazama kilikuwa na moshi katikati. Papa akanipeleka nipigwe picha ya ndani, nyuma kabisa ya jicho. Infirmier, muuguzi wa pale, akanitia matone ya kupanua mboni, akafunga mapazia. "Citoyenne, ngoja hapa. Usijipanguse." Siku zile kila msichana aliitwa hivyo, mwananchi. Papa akabaki mlangoni.

Sikusikia mlango. Mapendo alikuwa amekaa kando yangu, na uniform yake. Kweli kabisa! Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi kama samaki wa wavuvi Wagenia.

"Haikuteleza," akasema. "Walimu walikuchagua weye kucheza ngoma mbele ya wakubwa wa chama. Ile ilikuwa nafasi yangu."

Mimi! Mimi ninayeona haya hata kununua chikwange, mkate wa muhogo, sokoni!

Daktari akaingia, nikaweka kidevu kwenye mashine, mwanga ukapasuka. Kugeuka, kiti kitupu.

"Papa, nani alipita?"

"Hakuna mutu. Mi niko hapa ku mulango, nani atanipita?"

Daktari alichungulia kwa taa yake ndogo, akasema ndani kuna kovu ambalo halitaondoka. Picha yenyewe ingetoka baadaye. Na tangu siku ile, nikifunga jicho zima, naona masikio ya watu, nywele, mabega. Sura, hapana.

Wewe unayesoma, mtu wako akikuumiza, usikimbilie kumpangusa machozi yeye kwanza. Mimi nilimpangusa.

Asubuhi yake nikaenda shule. Wenzangu wakaapa kwamba jana saa tisa Mapendo alikuwa ubaoni, mwalimu anamgombeza. Yeye akanivuta nyuma ya darasa. Kwetu wanasema jicho linatunza sura ya aliyelipiga. Sijafungua hata kinywa, akauliza polepole:

"Bon, niambie. Ile picha imeonyesha sura yangu?"

Nikafunga jicho zima, nikamtazama kwa lile bovu. Niliona kola yake nyeupe tu. Kisha nikabeba vitabu vyangu, nikahamia benchi ya mbele, peke yangu.