Uso wa Saa ya Bi Zuhura

Usiku ule nililala mapema, miguu imevimba, kwa sababu kazi yangu ni ya kusimama. Nauza saa. Sizungumzii zile zinazopangwa chini kwenye kitambaa pale Kariakoo. Nauza saa za mkononi ambazo nikimtajia mama yangu bei yake huniuliza kama ni pamoja na kiwanja. Duka letu liko Masaki, lina kiyoyozi cha kukausha koo, na mlinzi wa mlangoni huvaa glavu nyeupe hata mwezi wa Januari.

Kabla sijasinzia nilikuwa nikiiwaza saa moja tu, ya Bi Zuhura. Bi Zuhura ni mjane wa mpima ardhi. Juma lile alikuja dukani na saa ya marehemu mumewe ameifunga kwenye leso. Ilikuwa imesimama. Ilikuwa ya kampuni ile ile tunayoiuzia saa zake, ila ya zamani sana, iliyopigwa jua la Singida na Tabora miaka na miaka mpaka uso wake mweupe ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Aliniuliza jambo moja tu, kama itarudi kama ilivyo. Nikamjibu nilivyofundishwa kumjibu kila mteja, kwamba itarudi kama mpya. Akanishukuru na kutia sahihi. Sasa saa ilikuwa kwenye boksi, na saa tatu asubuhi gari la vifurushi lingeipitia kuipeleka kiwandani Ulaya.

Mimi nilijua watakachoifanyia huko. Kiwandani hawatengenezi kidogo. Ukiwapelekea saa iliyosimama, wanatoa kila kilichochakaa, pamoja na uso wenyewe, wanapachika mpya, na mwili wa saa wanausugua mpaka mikwaruzo yote iishe. Vya zamani wanabaki navyo. Yote hayo yameandikwa kwenye fomu kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, na aliyeweka alama ya kukubali ni mimi, Bi Zuhura akatia sahihi chini yake. Meneja wetu, dada Joyce, alinisifia kwa kupata kazi kubwa. Sikuwa na raha, lakini nililala.

Basi nikaota.

Nipo dukani, mchana kweupe, peke yangu nyuma ya kioo. Mlinzi anafungua mlango na anaingia Babu Athumani. Huyu hakuwa babu yangu wa damu. Alikuwa fundi saa aliyenifundisha kazi nilipomaliza shule, kwenye kibanda chake barazani mwa duka la vitambaa, na nilikaa naye miaka sita. Alifariki miaka mitatu iliyopita na nilishika jeneza lake kwa mkono huu kabla wanaume hawajaondoka nalo. Katika ndoto ninajua kabisa kwamba amekufa, wala sioni ajabu. Ninachohisi ni furaha, furaha ya kutaka kulia, lakini kazini kwetu haturuhusiwi kutoka nyuma ya kioo kabla mteja hajakaribishwa kiti, kwa hiyo ninasimama tu na tabasamu la kazi usoni. Najichukia kwa hilo tabasamu.

Amevaa sweta lake lisilo na mikono na kofia yake ya kudariziwa, na jicho la kulia lina ile alama ya duara iliyoachwa na lenzi, kama siku zote. Anazunguka akikagua duka kama mkwe aliyekuja kuangalia nyumba atakayoolewa bintiye. Kisha ananyoosha kidole kwenye saa iliyowekwa katikati ya dirisha na kuitaka. Ninamwambia ile haiuzwi, ni ya maonyesho. Anataka ya pembeni yake. Nayo ni ya maonyesho.

"Sasa hapa mnauza nini, Mwajuma?"

Nikamweleza, tena kwa ile sauti yangu ya dukani. Kwamba saa nzuri zinakuja chache makusudi, kwa hiyo mtu anaandika jina kwenye orodha. Akauliza anayefuata kwenye orodha ni nani. Nikasema orodha yetu haina anayefuata. Tunaangalia nani alishanunua vingine, hereni za mke, pete, saa mbili tatu ambazo hazina mnunuzi, halafu ile nzuri ikifika meneja anachagua wa kumpa. Akauliza kama walioandika majina wanalijua hilo. Nikajibu kwamba tunawaomba wawe na subira.

Babu Athumani akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha kuanza na kikohozi, akajishika kwenye kioo, akaacha alama za vidole, na mimi nikacheka naye mpaka machozi. Hakunisema. Hata alipokuwa hai hakunisema. Siku nilipoitwa kwenye usaili wa duka hili alininunulia viatu vyeusi, akavipiga rangi mwenyewe, akaniambia niende, kibandani hakuna tena cha kunilisha. Alisema kweli. Zamani kulikuwa na duka mjini lililomuuzia vipuri halisi, gurudumu moja moja, kwenye vibahasha vya nailoni. Halafu makampuni yakaacha kuwauzia mafundi wa mitaani. Kipuri kikabaki kiwandani, na saa ikitaka kutengenezwa sharti iende huko huko. Mikono ya babu ilikuwa ile ile, akili ile ile, ila hakuwa na cha kupachika. Akamalizia uzee wake kwa kubadilisha betri na kurekebisha rimoti za televisheni. Ninayo hasira juu ya jambo hilo mpaka leo, na mshahara wangu unatoka kwa watu hao hao.

Sijui tulitokaje dukani. Kioo nilichokuwa nimeegemea kilikuwa sasa ni meza yake ya mbao, ile yenye ukingo kuzunguka ili skrubu zisidondoke, na kulikuwa na harufu ya petroli ya kusafishia. Amekaa kwenye stuli yake. Mbele yake kuna mteja nisiyemwona sura. Babu anafanya alichokifanya kila mara: kabla hajafungua saa anamwambia mwenyewe kitakachotoka na kwa nini, na asipokubali, haifunguliwi. Akimaliza anakifunga kile alichokitoa, hata kama ni skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, kwenye kipande cha gazeti, anampa mkononi. Nilipokuwa mwanafunzi niliona ni kupoteza muda. Nani anataka skrubu mbovu? Siku moja niliitupa springi ya mteja iliyokatika, na babu akanitambaza sakafuni na tochi mpaka nikaipata. Aliniita Kidole Kizito kwa wiki nzima.

Ananiita hivyo tena. "Njoo, Kidole Kizito," na ananishika mkono. Mkono wake una joto. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote.

Tunaingia chumba cheupe, kirefu, kisicho na vumbi, na watu wenye makoti meupe wameinama kwenye meza. Hawatuoni. Nafahamu kwamba tuko kiwandani, ingawa sijawahi kufika. Ni watu wapole, wanafanya kazi safi, na babu anapita nyuma yao akichungulia mabegani mwao na kutikisa kichwa kwa kuridhika, kwa maana ufundi aliupenda popote alipoukuta. Ananionyesha mmoja anavyoshika koleo. Natamani tubaki hapo hapo, mimi na yeye, tukitazama watu wanaojua kazi.

Lakini anakwenda mpaka mwisho wa chumba na kuvuta droo. Imejaa nyuso za saa. Nyeusi, nyeupe, za kijani, zilizokwanguka, zilizopauka, zimemwagwa pamoja kama vizibo vya soda. Anavuta droo nyingine, na nyingine. Anaanza kutafuta. Anavaa lenzi na kuziokota moja moja, anazigeuza na kuzirudisha, bila haraka, na mimi ninajua anatafuta ipi na ninaomba asiipate.

Akaipata. Aliiweka kwenye kiganja changu. Ilikuwa na ile rangi ya chai, na karibu na namba sita kulikuwa na doa dogo nililoliona mwenyewe juma lile nilipoipokea. Haikuwa na uzito wowote.

"Gazeti lake liko wapi?" akaniuliza.

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia habari ya fomu, kwamba imeandikwa kila kitu, kwamba mwenyewe alitia sahihi, kwamba ndivyo kampuni inavyofanya duniani kote na mimi ni muuzaji tu. Nilisema mengi na kwa haraka. Babu alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wateja waliokuja na saa waliyoidondosha chooni wakisema imesimama yenyewe. Kisha akavua lenzi. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo.

"Ulimwambia?"

Nikataka kujibu. Mdomo ulikuwa umejaa kitu, na nilipokitema mkononi kilikuwa mshale wa saa, ule mdogo wa sekunde. Nilipoinua macho hakukuwa na babu wala chumba. Nilikuwa nimekaa kitandani, neti imenizonga shingoni, mashavu yamelowa, na nje majogoo wa jirani wamekwisha kuanza.

Nililia kidogo, sitaficha. Nilikuwa nimemkumbuka. Miaka mitatu nilimwomba aje hata mara moja, na alipokuja ikawa ni kwa ajili ya saa ya mtu mwingine. Ningecheka kama nisingekuwa na aibu.

Nilisubiri mpaka saa moja, nikampigia Bi Zuhura. Baada ya salamu nilimweleza yote kwa mkupuo, nisije nikapoteza ujasiri. Kwamba uso wa saa utatolewa na hautarudi. Kwamba mikwaruzo yote itasuguliwa. Kwamba hata matajiri wa huko wanaokusanya saa za zamani huutafuta uso wa namna ile na kuulipia zaidi, na baada ya hapo hautakuwepo. Nilimweleza na upande wa pili, maana nao ni haki yake: nikiizuia, sijui fundi gani ataitengeneza, kwa kuwa vipuri haviuzwi nje. Huenda isifanye kazi tena maisha yake yote.

Nilisikia mtu akifagia uwanja wake, na redio kwa mbali.

"Ulilijua hili siku ile nilipokuja?"

"Nilijua, mama. Unisamehe."

"Haya." Nilidhani atanipasha, na nilikuwa tayari kupashwa. "Saa ngapi naiona kwenye simu, mwanangu. Ile nataka niuone uso alioutazama marehemu. Usiwape. Nakuja kuichukua."

Nikavaa, nikatoka bila kunywa chai, ili nikae mlangoni mwa duka kabla ya watu wa vifurushi na kabla ya dada Joyce, niwaambie wote kwamba leo hakuna mzigo.